Wali wa Mbolea

Bibiche aliona kwa macho yake mawili, kupitia tundu la uzio. Jirani yake Rachida alibeba sahani ya wali, wali wa moto unaotoa mvuke, akainama penye lundo la mbolea na kuusukumia chini ya majani ya migomba. Kisha akapangusa mikono, akachukua kopo na kwenda kumwagilia mboga zake kama mtu asiye na neno.

Wali, jamani! Mbolea inakula wali!

Siku hizi hapa Kindu kulima mboga kwenye magunia ni jambo la semina. Watu wanakaa kwenye viti vya plastiki, wanapewa daftari na soda, wanafundishwa kwamba majivu na samadi ya mbuzi vinatosha, dawa za dukani za nini. Lakini mwaka ule wa vita, mwaka wa wali huo, hakukuwa na mwalimu. Mashamba yalikuwa nje ya mji, na nje ya mji kulikuwa na bunduki. Aliyetaka kula alilima palepale alipolala: kwenye beseni bovu, kwenye sufuria iliyotoboka, kwenye tairi.

Paseli ya Rachida, yaani kiwanja chake pale mtaa wa Kasuku, ilikuwa ndogo kama mkeka, lakini mama yule alijua kazi. Alikuwa na magunia kumi na mawili, lengalenga, ule mchicha wa huku, juu, matembele yakining'inia ubavuni. Aliyapanga juu ya mbao nzito, pale mumewe Zuberi alipokuwa ameanza kuchimba shimo la choo kabla hajaenda Kibombo kununua mchele na barabara kufungwa nyuma yake. Lundo la mbolea lilikaa pembeni, limeegemea mbao hizo.

"Ile mbolea inakula mbele, mimi ninakula nyuma," Rachida alizoea kusema, yaani inaanza yenyewe, yeye anafuata, na watu walicheka.

Sasa Bibiche hakucheka. Nani angecheka? Mwezi mzima alikuwa hali, halali. Mwanawe Elie, kijana wa miaka kumi na tisa, alitoweka siku askari walipozingira soko kukamata vijana wa kubeba masanduku ya risasi. Kila asubuhi Bibiche alichuma fungu la lengalenga kwenye beseni lake moja, akalipeleka kambini kuwalainisha askari, akasimama mbele ya sajini Kitenge na kueleza maneno yaleyale. Mrefu. Mwembamba. Kidole gumba cha mkono wa kuume hakina ukucha, uling'olewa na mnyororo wa baiskeli.

"Hapa haiko, mama," sajini alimjibu. "Alitukimbia. Na sisi tunamutafuta."

Bibiche hakuamini. Alilia palepale mlangoni pa kambi mpaka askari wakaona haya. Siku moja mmoja wao alitaka kwenda kupekua nyumba yake, sajini akamkatalia.

"Muangalie vizuri. Mwenye kuficha mutoto wake anaweza kulia hivi?"

Akirudi, Rachida ndiye aliyempokea na fungu la matembele na neno la kumtia moyo. "Usichoke, Mama Elie. Kesho urudi tena uwaulize. Usiache hata siku moja." Kwa neno hilo Bibiche alimpenda kama dada wa tumbo moja. Mpaka alipouona wali ule.

Tangu hapo hakutulia. Aliingia ndani, akatoka, akakaa, akasimama. Mimi ninamulilia mutoto, alijisemea, mwenzangu anapikia takataka! Kesho yake, badala ya kulia, alimwuliza sajini swali.

"Kama ninakuonyesha nyumba yenye muchele, utanitafutia Elie?"

Sajini alicheka kwanza. Majirani walimchosha kwa fitina zao. Juzi alifukua ua mzima wa mtu akapata panya. Lakini mchele ni mchele.

"Leta kwanza mukono moja ya muchele, nione. Kama ni kweli, tutachimba ile paseli yote. Na mutoto wako nitamupata, ninakuapia."

Saa sita mchana, Rachida alipokwenda kuchota maji, Bibiche na sajini walifika. Sajini alibaki njiani, nje ya uzio, akawasha sigara. Bibiche akapenya ndani. Alijiambia kwamba hafanyi ubaya, kwamba mama yeyote mwenye uchungu wa mwana angefanya hivyohivyo, akapita kando ya magunia mpaka penye lundo.

Aliondoa majani ya migomba. Hakuona hata punje moja ya wali. Palikuwa na uwazi kati ya mbao mbili, unaotosha sahani kupita. Akalala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa gizani.

Kitu kikamshika.

Akavuta, hakikuachia. Vilikuwa vidole, vyenye joto, vimejaa udongo, vikitafuta sahani kwenye kiganja chake. Aliposhindwa kuutoa mkono, akavipapasa kimoja kimoja mpaka cha mwisho, kidole gumba. Hakikuwa na ukucha.

"Mama!" sajini aliita kutoka njiani. "Muchele iko?"

Bibiche akarudisha majani mahali pake, akayashindilia kwa mikono miwili.

"Haiko, shefu," alisema. "Nilikosea. Ni mbolea tu."

Kesho yake asubuhi alichuma fungu la lengalenga, akaenda kambini kumwulizia Elie.