Aliyetumwa na Ryohei

"Yamwage tu hayo maua, mama. Gari linanisubiri."

Mgeni aliyesema hivyo alikuwa ameinama kupita chini ya boriti ya mlango, akaenda kusimama mbele ya shubaka bila kukaribishwa. Alivaa suti, kofia, miwani myeusi na barakoa nyeupe. Barakoa haikuwa ajabu: majira ya kuchipua, chavua ya mierezi inapopeperuka, nusu ya mji wa Hagi huziba pua.

Bi Mitsuyo Hatakeda hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, mkasi mkononi. Ndani ya shubaka kilikaa chombo cha udongo alichofinyanga baba mkwe wake, rangi ya maziwa yaliyoganda, na ndani ya chombo matawi ya mpichi yaliyojaa maua.

"Maua hayamwagwi kama maji ya kunawa," alisema. "Nayahamishia kwenye bakuli. Kaa, mwanangu, nishikie hili tawi."

Mgeni akakaa, shingo upande.

Asubuhi hiyo simu ilikuwa imelia. Sauti ya mwanamume, kavu, ikasema: Mama, ni mimi, Ryohei. Nimepatwa na makubwa, nisipoyamaliza leo nafungwa. Kile chombo cha babu hakina budi kuuzwa. Karani wa mwanasheria wangu atakuja kukichukua. Usimwambie mtu.

Ryohei alikuwa mwanawe wa pekee. Aliondoka kwa ugomvi siku walipomzika baba yake, na tangu hapo hakuna salamu wala habari.

Lakini simu za namna ile Hagi nzima ilizijua. Mwezi uliopita Bi Yasue wa nyumba ya pili, shoga yake wa kupanga maua tangu usichanani, alipigiwa na "mjukuu" aliyelia machozi. Akatoa kila alichoachiwa na marehemu mumewe. Siku hizi Bi Yasue hali, halali, hafungui dirisha. Maua anayopelekewa hunyaukia mlangoni pake.

Kwa hiyo Bi Mitsuyo alipoweka simu chini, aliiinua tena akawapigia polisi. Sasa askari walikuwa wamechutama nyuma ya ukuta wa bustani, wakingoja ishara moja tu: afungue mlango wa upande huo.

"Usilibane hivyo," alimwambia mgeni. "Tawi likibanwa linanuna."

"Mama, nina haraka."

"Haraka ya nini? Hata mpichi hauchanui kwa kufokewa."

Mgeni alitupa jicho mlangoni. Ghafla akaunyakua mkasi. Bi Mitsuyo akarudi nyuma. Lakini mgeni alikizamisha tu kikonyo kwenye ndoo, akakikata humo humo ndani ya maji, kama wapangaji maua wafanyavyo, kisha akamsukumia tawi.

"Haya. Tumalize."

Mkasi hakuurudisha.

Bi Mitsuyo akalichomeka tawi kwenye kikalio cha misumari kinachoshika vikonyo ndani ya bakuli, akaliinamisha kidogo kuelekea kwenye mwanga.

"Ryohei anakula vizuri?"

"Anakula."

"Na kifua chake?"

"Nitajuaje, mama? Mimi karani tu."

"Basi nipelekee maneno. Mwambie aje mwenyewe. Aketi hapo ulipoketi, aniambie kwa kinywa chake alichokifanya. Chombo nitampa. Nyumba nitampa. Alikuwa wapi miaka yote hii, sitamuuliza."

Maji yalichuruzika kwenye tawi la mwisho mkononi mwa mgeni, yakamlowesha suruali, naye hata hakujifuta.

"Hawezi kuja," alisema hatimaye.

"Hata kwa dakika moja?"

"Hawezi! Nipe chombo."

Bi Mitsuyo akalipokea lile tawi. Alilishika kwa muda, kana kwamba hajui pa kuliweka, kisha akalichomeka. Akainuka taratibu, magoti yakilia, akaelekea kwenye mlango wa bustani.

"Unakwenda wapi?"

"Macho yangu yana ukungu siku hizi. Nataka mwanga, nikione nilichopanga."

"Usifungue!" Mgeni alikuwa amesimama, mkasi ngumini. Mguu wake ulipiga bakuli, maji na maua vikatapakaa mkekani. "Mama, nakuomba. Usifungue."

Mkono wa mwanamke ulikuwa juu ya mlango. Alimtazama mgeni kwa muda mrefu.

Akafungua.

Waliingia kwa kishindo, na viatu vyao, wakamkuta mgeni amekwisha kuangusha mkasi na kupiga magoti katikati ya maji. Hakupigana. "Mama, waambie," alisema tu walipokuwa wakimfunga pingu. "Waambie mimi nimetumwa." Wakampitisha bustanini, kichwa chini, hadi kwenye gari.

Afande Kuramoto, kijana aliyehamia Hagi mwaka huo, alirudi baadaye. Safari hii alivua viatu. Akachutama kando ya Bi Mitsuyo, uso umemchangamka.

"Ndiye yuleyule wa Bi Yasue, amekiri garini. Umetutoa kimasomaso, bibi. Wazee wengi wakisikia 'mama, ni mimi' moyo huyeyuka, hata hawaulizi. Wewe ulijuaje kwamba si mwanao?"

Bi Mitsuyo alikuwa akiokota maua ya mpichi mkekani, akiyaweka kwenye kiganja.

"Nani kakwambia si mwanangu?"