Karanga za Bi Kibibi

Bi Mize alifika makao ya wazee na kifurushi cha karanga za kukaanga, kitu alichokipenda shoga yake Bi Kibibi tangu usichana wao. Akamjazia kiganja.

Bi Kibibi akacheka. Kinywani hamkuwa na hata jino moja.

"Meno yako yaliisha lini?" Bi Mize aliuliza, uso umemshuka.

"Yameng'oka moja moja, shoga. Yalikuwa yanakungoja uje uyaage, yakachoka."

Bi Mize akanyoosha mkono azichukue karanga zake. Bi Kibibi akafumba kiganja.

"Kuja uchelewe, kunyang'anya uwe na haraka?"

Akatia moja kinywani, akaanza kuimung'unya.

Bi Mize alipogeuka langoni, shoga yake alikuwa bado dirishani, shavu moja limetuna.