Fomu ya Kuoana Upya

Kalamu ya Mama Shirleen iligoma ilipofika penye hali ya ndoa. Ubalozi ulikuwa umekikataa cheti chao: pasta wa kanisa lao la mabati, hapa mtaani Tena, hakuwa na leseni ya kufungisha ndoa. Sasa ilibidi waoane upya kwa msajili, ndipo apate viza ya kumfuata mumewe ng'ambo.

“Andika hujaolewa,” akasema mumewe, aliyekuja likizo.

Mama Shirleen aliitazama pete yake. Miaka sita, kidole kimenenepa hadi kikaimeza.

“Niliapa mbele ya Mungu, Baba Shirleen. Sasa nitaandika hivyo aje?”

“Andika tu. Inakuwanga ngumu mara ya kwanza.”

Fomu yake mwenyewe ilikuwa imejaa tayari, mwandiko umenyooka: hajaoa.

Mama Shirleen akaiweka kalamu chini.

“Na wewe, mara ya kwanza uliandikia wapi?”