Ulimi Mzito wa Ngumbao

Ngumbao alijisugua ndimu mikono yote miwili, kisha akajimwagia marashi ya waridi, mpaka paka wa buchani, ambaye humfuata kila aendako, akamnusa na kugeuza njia. Hakumjali paka. Aliyemtaka ni Kahonzi, na Kahonzi alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba hata harufu yake haiwezi.

Mambo yalifikaje huko? Ngumbao ni mkata nyama katika bucha moja ya Malindi, njia ya kuelekea Kisumu Ndogo. Kisu chake chepesi, ulimi wake mzito. Kahonzi, fundi cherehani wa mtaa huo, alikuwa na mazoea ya kuja kununua robo ya nyama, na hata nyama ikishafungwa husimama tu pale. Atauliza habari za kwao Ganze. Atauliza kama kumenyesha. Atauliza kama ng'ombe huyo alikuwa mzee. Na Ngumbao, ambaye alimpenda hadi usingizi ukamkimbia, hakuwahi kumjibu zaidi ya "Robo au nusu?" Maneno mengine yote yalimkwama chini ya ulimi, na hapo hayakuwa na faida kwa mtu.

Sasa mambo yalikuwa yamekaza. Bwana mmoja mwenye kazi ya chumvi kule Gongoni alikuwa ameleta posa, na Jumapili hii mama yake Kahonzi atatoa jibu. Ngumbao asiposema neno kabla ya hapo, kazi yake itakuwa kukata nyama ya pilau ya harusi.

Akamwendea Athmani. Huyu ni mtu wa Takaungu, ana ulimi wa asali, na hapo buchani kazi yake ni kubeba beseni na kuzungusha mitaani vile visivyonunuliwa mezani. Hana makelele ya wachuuzi wengine. Hubisha hodi, akiulizwa ni nani hutaja alichobeba, "Utumbo," au "Kwato," kwa sauti ya kifuani, basi. Na milango hufunguka.

"Ukibisha kwa Kahonzi akauliza ni nani, utamjibuje?" Athmani akamhoji.

"Ni mimi."

"Astaghafiru. Hata mbuzi angeulizwa angejibu hivyo. Mwanamke huyo ataka Kiswahili kilichosimama, bwana. Sema 'Ndimi.' Yaani wewe hasa, si mwingine. Itoe kifuani, mara moja, kisha unyamaze. Yaliyobaki atayauliza mwenyewe."

Ngumbao alifanya mazoezi siku nzima. Wateja waliomwomba maini walijibiwa "Ndimi" na kuondoka wakitazamana.

Jumatatu akaenda. Mlango wa Kahonzi hutazama uchochoroni, na ndani yake cherehani hailali. Akabisha hodi.

"Ni nani?"

"Ndimi," akasema Ngumbao kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua.

Cherehani haikusita hata kidogo. "Leo sitaki. Jaribu kwa jirani."

Jirani ni mke wa mtu, tena mume wake ni askari jela. Ngumbao alirudi buchani amenywea, akakata mifupa siku hiyo kama iliyomkosea.

"Ulimi wako ulitetemeka," Athmani akamwambia. "Mwanamke hukataa ili akuone kama utarudi. Rudi."

Alhamisi akarudi.

"Ni nani?"

"Ndimi."

"Ah, wewe tena?" Cherehani ikazidi kwenda. "Mama ndiye apendaye. Mie hata harufu yake siwezi."

Hilo lilimchoma kwa pande mbili. Kwanza harufu. Pili mama. Alikuwa mjane mwenye heshima zake, na kweli, Ngumbao alipokumbuka vizuri, humchekea sana akija kununua mifupa ya mchuzi. Tangu hapo kila alipomwona alimpa shikamoo kutoka ng'ambo ya barabara, asije akapata tamaa.

Ndiyo maana Jumamosi ikamkuta ana ndimu, ana waridi, na shati lililopigwa pasi hadi kola ikasimama. Njiani aliapa kwamba leo ataachana na Kiswahili cha Takaungu. Atasema yote: Kahonzi, nakupenda, nimekupenda tangu robo ya kwanza, usimpe jibu yule wa chumvi. Aliyasema yote vizuri kabisa mpaka kwenye kona. Kwenye kona ulimi ukaanza kumganda.

Akabisha hodi.

"Ni nani?"

Akafumbua kinywa. Nakupenda ikakwama, Kahonzi ikakwama, na jasho likaanza kuyaosha marashi. Kilichotoka kilikuwa kile kile, cha kifuani.

"Ndimi."

Cherehani ikanyamaza. Ngumbao akasikia kiti kikisogezwa, kandambili zikija, komeo likivutwa. Mlango ukafunguka upana wa mkono, na mkono wenyewe ukatoka, umeshika bakuli.

"Leo umenishinda," sauti ya Kahonzi ikasema nyuma ya mlango. "Kesho tuna wageni. Nitilie mbili za ng'ombe, uzikwangue vizuri. Na ukirudi buchani mwambie Ngumbao, kama ananitaka, aje mwenyewe aseme leo hii, asikae huko akinitumia ndimi."