Mzigo Kutoka Missouri

Hobert Slone aliitaja namba ya bastola kabla Dorsey hajafungua boksi. Tarakimu sita na herufi mbili, zote kichwani, kama mtu anayetaja majina ya wanawe.

Dorsey Tackett, mwenye duka la bunduki, aliigeuza bastola kwenye mwanga wa dirisha. Namba ilikuwa hiyo hiyo.

"Mzee Hobert, umeliwa," alisema. "Tazama kutu hii. Mpini nao umepasuka. Kwa hela uliyompa huyo mtu wa Missouri ungepata tatu hapa kwangu, na kahawa juu yake."

"Nilitaka hiyo."

"Nyinyi ndio mnaotuua sisi wa hapa. Mnanunua kwa watu msiowajua, majimbo ya mbali huko, halafu mimi ndiye wa kupokea mzigo, nipige simu serikalini kuuliza kama mnunuzi ana makosa, nimkabidhi. Naambulia hela ya soda."

Ndivyo sheria ilivyo. Bastola ikitoka jimbo jingine haifiki mlangoni kwa mtu, lazima ipitie kwa mwenye leseni wa kwao. Wakubwa waliolipanga hilo hawajawahi kusimama nyuma ya kaunta wakamtazama mtu usoni.

Dorsey alikuwa hajamaliza. "Masika nilikwenda mnada wa kaunti, nikarudi na sanduku zima la bastola. Ungesema tu, ungekuwa wa kwanza kuchagua. Na wiki ile ile ulisimama hapo mlangoni, kofia mkononi, ukauliza sijui nini, ukaenda zako."

 Koti la Hobert lilikosa kifungo kimoja, na lilikuwa hivyo tangu alipomzika mkewe, Oleta. Hakuna mwingine aliyekuwa akimshonea.

Dorsey alipiga simu, na jibu la serikali halikukawia. Hobert Slone, mchimba makaa mstaafu, hana doa, apewe. Sauti ya huko ilisema hivyo ikakata simu. Haikuuliza kama anakula, wala kama anapata usingizi.

Dorsey hakumpa. Aliirudisha bastola boksini, akaweka kiganja juu.

"Risasi je?"

"Sihitaji."

"Unazo nyumbani?"

"Hata moja. Si nilikuletea zote, pamoja na bunduki zangu, wiki ile baada ya mazishi? Ulizinunua mwenyewe."

"Hilo ndilo linaloninyima raha, Mzee. Mtu anauza bunduki zake zote za kulungu, halafu anasaka bastola moja mpaka Missouri. Hii si ya kulungu."

Hobert aligeukia dirisha. Gari jipya la polisi wa kaunti lilikuwa likipita taratibu, linameremeta, katika mji ambao zahanati yake ilifungwa kwa kukosa fedha. Alilifuata kwa macho mpaka likapotea.

"Delmar Combs nilimuuzia mimi," Dorsey alisema, sauti imeshuka. "Kaburi la mkewe hata udongo ulikuwa haujakauka. Alisimama hapo hapo ulipo, akanitania kwamba tumbo langu lina mimba ya mapacha. Tukacheka. Jumapili nikabeba jeneza lake. Sasa serikali ikisema apewe, mimi bado naweza kusema hapana."

"Basi nitakwenda duka la mji wa pili. Watanipokelea."

"Nenda. Nitakuwa nimeshawapigia simu kabla hujawasha gari."

Walitazamana. Mzee ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

"Unanijua tangu lini, Dorsey?"

"Tangu nilipokuwa nikikuibia matufaha."

"Na nilikuwa nakuona, nikanyamaza. Basi leo nisikilize. Sitaki kutoka nayo humu ndani. Iandike kwamba ni yangu, kisha niazime jiliwa lako na msumeno wa chuma. Funga mlango ukitaka. Kaa karibu yangu."

Dorsey alidhani mzee anataka kuutengeneza ule mpini. Alifunga kabati la risasi, akatia funguo mfukoni, akamwongoza nyuma kwenye meza ya ufundi. Aliketi karibu, mkono ukiweza kumfikia.

Hobert aliibana bastola kwenye jiliwa, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akauweka msumeno juu ya mtutu, akaanza kukata. Vumbi la chuma lilimwangukia viatuni.

"Mzee, unafanya nini? Hiyo ni mali, umeilipia. Ungetaka chuma cha kukatakata ningekupa kibovu, bure."

Mtutu ulianguka sakafuni. Hobert alilifungua jiliwa, akaigeuza bastola, akaibana tena, akaanza upande wa pili. Machozi yalimfika kidevuni naye hakuyafuta. Mikono yote miwili ilikuwa kazini.

"Namba yake walikuwa wakiisoma mahakamani," alisema bila kuinua kichwa. "Kila siku, wakiinyanyua jaji aione. Kesi ilipokwisha nilimwomba mkuu wa polisi aiyeyushe. Akasema sheria haimruhusu. Ni mali ya kaunti, itauzwa mnadani."

Msumeno ulisimama.

"Nilikuja kwako kwanza, Dorsey. Iliyomuua Oleta ulikuwa umeshaituma Missouri."