Mtetezi wa Chepe

"Chepe ni mvivu, ni mnafiki, na hata kuchekesha hachekeshi," Esteria aliandika kwenye simu, kisha akajiuma kidole. Mungu angemsamehe. Alikuwa akimtukana kipenzi cha mwanawe.

Hakuwa na njia nyingine. Mahona aliondoka nyumbani Mwamanyili msimu wa kupanda pamba, baada ya kugombana na baba yake, na sasa pamba ilikuwa imeshavunwa. Namba yake haikupatikana. Bariadi hayupo, Mwanza hayupo, kwa mjomba wake huko Lalago hajafika. Majirani walikuja kumpa pole Esteria, wakasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na walimtazama yeye peke yake. Ndaki, mumewe, nani angempa pole? Ndiye aliyeitia moto michoro ya kijana. Ndiye aliyekataza jina lake lisitajwe tena pale nyumbani.

Judica, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, ndiye aliyempa Esteria akili, akamwazima na simu. Mahona alikuwa na wazimu wa katuni moja ya vichekesho, *Ukoo wa Tope*, visa vya familia ya ngiri waliopanga chumba kimoja mjini. Mashabiki wake walikuwa na ukurasa wao mtandaoni, na huko walibishana mchana kutwa nani mkali zaidi: Chepe, mtoto asiyependa jembe, au Baba Tope, mzee wa makelele. Walikuwa wamegawanyika kama Bagika na Bagalu, makundi hasimu ya wachezaji, siku ya ngoma.

"Kijana aliyejificha humpati kwa kumwita," Judica alisema. "Mchokoze. Mtukane Chepe, mama. Kama yumo, ataweza kunyamaza?"

Basi Esteria, mwanakwaya mwenye heshima zake, akajiita Kisu cha Mjini na kujifunza matusi ya vijana. Alizitazama katuni zote mpaka macho yakamuuma. Hakucheka hata mara moja.

"Oya Kisu, nani kakutuma? Chepe ndo mpango mzima," mmoja alimjibu.

"Mwacheni, Baba Tope noma sana," mwingine akadakia.

Alisoma kila jibu akitafuta mwanawe ndani yake. Hawakuwa yeye. Usiku alilia, asubuhi akatukana tena.

Kisha akajitokeza mmoja aliyejiita Mtetezi wa Chepe. Huyu hakuwa na utani wala maneno ya mjini. "Chepe si mvivu," aliandika. "Mikono yake inajua kazi nyingine, ila kwao hawaioni." Esteria nusura aangushe simu. Ndivyo Mahona alivyosema siku ya ugomvi, michoro ikiungua, neno kwa neno.

Alipomsifia Baba Tope makusudi, Mtetezi aliwaka. "Huyo mzee ndiye mjinga kuliko wote. Anafoka mbele za watu, halafu anajifungia stoo kulia."

Esteria hakumwambia Ndaki. Angemwambiaje? Siku hizi mwanamume mwenyewe hakukaa na watu. Akishakula mchana hujifungia ghalani, eti anachambua pamba. Pamba gani, na yote walishaipeleka kuuza? Esteria aliona ni aibu tu inamficha, akamwacha na aibu yake. Moyoni alikuwa hajamsamehe.

Alasiri moja aliamua kumjaribu Mtetezi. Kumuuliza wazi aliogopa, asije akakimbia tena. Pale kwao mtandao ulishika sehemu mbili tu, chini ya mwarobaini wa barabarani na nyuma ya ghala. Siku zote alikaa chini ya mwarobaini, lakini leo aliwakuta wachuuzi wa ng'ombe wamepumzika kivulini.

"Mwadila, mayu," walimsalimu.

"Mwadila," akajibu, akawapita upesi hadi nyuma ya ghala, akaegemea ukuta wa udongo.

"Wewe Mtetezi unajifanya unaijua sana familia," aliandika. "Haya niambie, ndama alipotumbukia kisimani, alivutwa kwa kitu gani?"

Mashabiki wakamcheka. "Kisu umechanganyikiwa, kisa hicho hakipo!" "Kwa kamba, si kwa kamba?"

Ni kweli hakikuwepo kwenye katuni yoyote. Kilikuwepo nyumbani mwao tu, tangu mwaka ule wa mvua nyingi.

Esteria akafumba macho. Ee Mungu, awe yeye. Hata asirudi, hata asinitaje, nijue tu kwamba anapumua. Alipofumbua, jibu lilikuwa limeingia.

"Kwa kitenge cha harusi cha mama. Kamba ilikatika."

Akakaa chini mavumbini. Yu hai! Mahona yu hai, na kitenge bado anakikumbuka! Machozi yalimtoka akicheka, na kwa mara ya kwanza tangu msimu wa kupanda alitamani kumwita mumewe, amwonyeshe, amsamehe yote pale pale.

Alikuwa akivuta pumzi amwite, ndipo upande wa pili wa ukuta kitu kilipoanguka kwa kishindo, mlango wa ghala ukabamizwa, na sauti ya Ndaki ikapasuka kwa kilio:

"Mama Mahona! Uko wapi, mama Mahona? Njoo uone kwenye simu! Nimempata mtoto! Ameniuliza habari za yule ndama!"