Mshahara Usiobishaniwa

Tegua hiki: anaingia bila hodi, anatoka bila kuaga, na siku asiporudi nyumba inaanguka. Ni hewa.

Katika mji wa Makame kila kazi ilikuwa na bendera ya hewa yake. Penye bendera ya kijani ulipumua vizuri ukalipwa kiduchu. Penye bendera ya kahawia hewa ilikuwa chafu, na sheria ilikutaka utaje mwenyewe mshahara utakaokubali kwa kuvuta hewa ile.

Makame alitunza bustani penye kijani, na mkewe Tunu alimtaka abaki hukohuko. Ila mama yake Tunu hakuisha kumsimanga mkwewe kwa umaskini. Basi mke na mume wakapatana: aende kiwandani penye kahawia, ataje mshahara wa kichaa, afukuzwe, ionekane amejaribu, masimango yaishe.

Alasiri Makame alirudi, akaketi kizingitini.

"Wamekufukuza, baba Riziki?" Tunu aliuliza huku akicheka.

"Wamekubali."

"Wamepunguza kiasi gani?"

"Hawakupunguza. Karani hata macho hakuinua. Aliandika, nikatia dole gumba."

Kicheko kilimkauka Tunu. Miaka kumi aliuza mchicha sokoni, na hata fungu moja watu walibishana naye. Waliolipa bila kubishana ni wale tu waliokuja duka la jirani kununua sanda.

"Alikuuliza nini kingine?"

"Mtu wa kupokea mshahara, siku nikishindwa kwenda mwenyewe."

"Ukamtaja nani?"

"Wewe, mama Riziki."

Ndani, mama yake Tunu, aliyesikia tu kwamba wamekubali, akapiga kigelegele.